Namna ya Kuyafikia Maporomoko ya Sanje, Udzungwa

Ukitokea Dar es Salaam au Morogoro, shuka Mikumi mjini, kisha ushike barabara ya Ifakara inayopitia Kidatu hadi Mang'ula, yaliko makao makuu ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa. Hapo ndipo unapolipia kiingilio na kupangiwa mwongozaji, kabla ya kurudi nyuma kilomita chache hadi kijiji cha Sanje, inakoanzia njia ya miguu.

Anza asubuhi, kwa kuwa mzunguko huchukua takriban saa nne na mpando wake ni mkali. Viatu viwe vya soli yenye meno. Mizizi na mawe huteleza hata kiangazi, Juni hadi Oktoba, ambacho kwa maoni yangu ndicho kipindi bora. Tembea kimya, ukitazama matawini: huenda ukamwona mbega mwekundu au, kwa bahati, mangabei wa Sanje, aina ya kima aliyetambuliwa na wanasayansi mwaka 1979 tu.

Maji huanguka jumla ya mita 170 hivi, kwa ngazi kadhaa. Kuoga kunawezekana bwawani, ila umsikilize mwongozaji, na usisogelee kabisa ukingo wa juu.