Kwenda hifadhi ya Ziwa kuwaona vifaru kwa miguu, jipange hivi

Wengi wetu hapa Kampala tukitaka kuona wanyama tunaishia bustani ya wanyama ya Entebbe, na sio vibaya, watoto wanapapenda sana. Ila kama unataka kumkuta mnyama mkubwa kwake, wewe ndo mgeni, nenda Ziwa, hifadhi ya vifaru kule Nakasongola. Ni eneo la kama kilomita 70 za mraba, majani na vichaka, limezungushiwa fensi ya umeme, na humo ndani vifaru wanakula na kulala wanapotaka wao. Unawafuata kwa miguu na renja.

Ukiwa na gari shika barabara ya Gulu, pita Luwero (mananasi ya pale ni matamu kwelikweli, nunua wakati wa kurudi), ukifika Nakitoma ndo unaingia. Weka masaa matatu hivi, na jamu ya Bwaise na Kawempe ikikushika ongeza. Huna gari? Panda basi ya Gulu au Masindi, mwambie kondakta mapema akushushe Nakitoma, alafu chukua boda, mkubaliane bei kabla hujapanda. Kiingilio ulizia kwa simu kabla ya safari, na beba kitambulisho maana sisi wa Afrika Mashariki tunalipa chini ya watalii wa mbali.

Vaa suruali ndefu na viatu vya kufunika vidole, kuna miiba na majani marefu. Rangi iwe ya kijani kibichi, kahawia, kijivu, yaani isiyong'aa. Maji ya kunywa usisahau. Na tafadhali pafyumu iache nyumbani, hii ni muhimu kuliko nguo, kwa sababu kifaru haoni vizuri mbali lakini pua na masikio yake ni moto, ndo maana utaona renja anaangalia upepo unaenda wapi kabla hajawapeleka, anataka harufu yenu isimfikie mnyama.

Mkianza kutembea fuateni mstari mmoja nyuma ya renja, simu iwe kimya, flashi izimwe. Atawaonyesha umbali wa kusimama na mti wa kujificha kama kifaru akija, msikilizeni, msibishane naye. Kifaru akiwa na mtoto msiombe kusogea hata hatua moja. Jua likiwa kali mara nyingi mtawakuta wamelala kivulini, kwa hiyo ukitaka kuwaona wakitembea na kula nenda asubuhi au jioni. Ni vifaru weupe wa kusini, mdomo mpana wa kukata majani, dume linaweza kupita kilo 2,000. Ukisimama kimya utasikia kabisa akikata majani, mimi sauti hiyo naipenda kuliko picha zote.

Muulize renja historia yao. Vifaru wa Uganda waliuawa wote na majangili, mwanzoni mwa miaka ya 1980 hakubaki hata mmoja porini. Mwaka 2005 wakaletwa wanne kutoka hifadhi ya Solio, Kenya, mwaka uliofuata wawili kutoka bustani ya wanyama ya Disney's Animal Kingdom, Marekani, na 2009 akazaliwa mtoto wa kwanza, baba wa Kenya mama wa Marekani, wakamwita Obama! Leo wanalindwa usiku na mchana, na pembe bado zinatafutwa, kwa hiyo jamani ukiposti picha, zima lokesheni na usiandike mlimkuta upande gani.

Ukipata muda lala hapo hapo, uombe kwenda kinamasi cha Lugogo alfajiri kumtafuta korongo nyangumi, yule ndege wa kijivu mwenye mdomo mkubwa. Buti za mpira zinahitajika. Kama unaendelea mbuga ya Murchison, ondoka kabla ya saa nane mchana, pale Kafu kata kushoto kwenda Masindi, ujaze mafuta hukohuko Masindi kabla ya kuingia mbugani.