Kufunga traka ya nyota (kifaa kinachozungusha kamera ifuate nyota) ukiwa Dodoma

Ile nyota ya kaskazini wanayolengea traka kwenye video za Wazungu achana nayo, ukiwa Dodoma iko chini ya upeo wa macho, hutaiona ng'o. We elekeza mhimili wa traka kusini, uinue nyuzi 6 hivi, na kama kitako cha traka hakishuki hadi hapo fupisha mguu wa tripodi wa upande wa kusini. Dira ya simu usiisogeze karibu na vyuma, inadanganya. Alafu swichi ya traka iwe S (kusini), mi niliisahau kwenye N (kaskazini) usiku mzima nyota zikatoka kama tambi 😅 Lenzi ya 24mm anza na dakika 1, ISO 800, zuumu kona ya picha, nyota zikivutika sogeza mhimili kidogo upige tena.