Kabla ya kubeba bomba, tazama ua la tikiti

Simama kwenye shamba la tikiti maji saa moja asubuhi, maua ya njano ndiyo kwanza yanafunguka. Nyuki anaingia ua dume, anatoka na chavua mwilini, anahamia ua jike lenye kitikiti kichanga chini yake. Ua hilo huishi siku moja tu. Likisinyaa mchana bila kutembelewa vya kutosha, kitikiti hudondoka au hukua kimepinda. Na wengi wetu tunapuliza dawa saa ngapi? Asubuhi hiyohiyo.

Dawa za wadudu kama lambda-cyhalothrin na cypermethrin zikimpata nyuki uani humwangusha palepale, utamwona chini akitetemeka. Wanaonisikitisha zaidi ni wale wanaopotea bila kuonekana. Dawa nyingine mbili, imidacloprid na thiamethoxam, hushambulia mishipa ya fahamu, na hata kiasi kisichomuua nyuki humpotezea njia ya kurudi. Anaruka, hafiki. Mfugaji akifungua mzinga anamkuta malkia, majana (watoto wa nyuki) na asali, lakini nyuki wa kwenda shambani wamepungua, na mlangoni hakuna mizoga.

Imidacloprid na thiamethoxam husafiri ndani ya mmea mpaka kwenye chavua na mbochi, yaani maji matamu ya ua. Kwa hiyo kuzipuliza jioni hakusaidii, kesho nyuki atazikuta uani. Umoja wa Ulaya ulizipiga marufuku mashambani mwaka 2018. Ukiona majina hayo kwenye lebo, usizipeleke kwenye zao linalochanua wala linalokaribia kuchanua.

Kwanza geuza majani uone kama wadudu wapo kweli. Ikibidi kupuliza dawa nyingine, subiri jioni, maua yamefunga na nyuki wamerudi. Usichanganye na dawa ya ukungu kwenye bomba moja eti kuokoa muda: baadhi, kama propiconazole, hudhoofisha uwezo wa nyuki kuvunja sumu mwilini. Dawa ya unga iache kabisa, kwa sababu hunata kwenye vinyweleo kama chavua na kubebwa mpaka mzingani. Bomba usilioshee dimbwini, nyuki hunywa hapo.

Mwenye mizinga mpe taarifa siku mbili kabla, hata kama hampakani, maana nyuki huweza kwenda kilomita 3 na zaidi. Akiamua kuziba milango, azibe usiku kwa wavu unaopitisha hewa na kuifungua kabla jua halijawa kali. Mzinga uliozibwa kwenye joto huua nyuki wote kwa saa chache.