Kabla hujamwandikisha mtoto kwenye mchezo, jua mchezo huo utamuumiza wapi

Mwanangu alikuwa na miaka 11 alipoanza kuchechemea asubuhi. Akitoka kitandani kwenda chooni alikanyaga kwa vidole tu, kisigino hakigusi chini. Wakati huo alichezea timu mbili za mpira, siku sita kwa wiki. Kocha mmoja aliniambia ni uvivu. Daktari alikishika kisigino pande zote mbili, akakibana kidogo tu, mtoto akaruka. Hakuwa ameanguka wala kukanyagwa. Mfupa wa mtoto una sehemu laini ya gegedu ambako unakulia, na ile kano nene ya nyuma ya mguu ilikuwa inaivuta kila siku bila kupumzika.

Tangu hapo swali la "mchezo gani ni hatari" nimeliacha. Nauliza huu unaumiza vipi. Raga huumiza kwa kugongana. Kuogelea hakuna wa kukugonga, lakini bega huchoka kwa kurudia mkono uleule maelfu ya mara. Jimnastiki hubebesha vifundo vya mikono na mgongo. Kwa binti anayebalehe, kwenye soka na kikapu naangalia goti, maana huko kutua na kugeuka ghafla huwachania wasichana kano za goti kuliko wavulana.

Kichwa nakiweka peke yake. Mkono ukivunjika, mara nyingi mtoto hupona vizuri. Ubongo siuwekei dau. Ndiyo maana ndondi nimekataa, kwa sababu kumpiga mwenzako kichwani kunakupa pointi. Hata kwenye soka, shirikisho la Marekani lilitangaza mwaka 2015 kwamba watoto wa miaka 10 kushuka chini wasipige mpira kwa kichwa. Muulize kocha: mtoto akigongwa kichwa, unafanyaje? Jibu ni moja: anatoka, harudi uwanjani siku hiyo hata akisema yuko sawa, na anaonwa na mtaalamu wa afya kabla ya kurudi mchezoni. Kocha akianza kuzunguka, ondoka na mwanao.

Halafu hesabu saa. Madaktari wa watoto wana kipimo chepesi: saa za mazoezi kwa wiki zisizidi umri wa mtoto. Wa miaka 11, saa 11, na angalau siku moja nzima ya kupumzika. Jumlisha timu zote. Mimi nilihesabu kila timu kivyake, na kisigino cha mwanangu ndicho kilicholipa.

Kabla ya kulipa ada, nenda ukasimame pembeni mazoezi yote. Je, wanapasha misuli moto kweli, wanafundishwa kutua magoti yakiwa yamekunjwa, au wanakimbia raundi mbili basi? Wa miaka 13 mwenye ndevu anapambanishwa na nani? Na goli likiwa la kuhamishika, litikise kwa mkono wako. Magoli yasiyofungwa chini yameshaua watoto kwa kuwaangukia.

Mtoto naye mpe neno la kutumia. Wangu nimemwambia: uchovu vumilia, lakini maumivu yanayobadilisha unavyotembea au unavyorusha, simama, niite. Sitamuuliza kwanza kama mechi imeisha.