Ukikabidhiwa uadmini, jitambulishe kabla hujafuta kitu

Siku niliyokabidhiwa uadmini wa kundi letu la mafundi cherehani kwenye WhatsApp, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kufuta tangazo la biashara. Nilijiona nafagia uwanja. Tangu 2022 admini anaweza kufuta ujumbe wa mwanakundi yeyote, lakini mahali pake hubaki maandishi kwamba umefutwa na admini, na jina la admini huonekana. Basi watu zaidi ya mia tatu wakakuta jina wasilolijua. Mwenye tangazo alikuwa fundi mkongwe, aliyewafundisha wengi wetu kukata kola. "Huyu ni nani?" waliulizana asubuhi nzima.

Kwa hiyo, wewe unayeanza, usiguse kitu kabla hujajulikana. Mwombe admini anayeondoka, au mwenzako aliyepo, akutangulize kwa sentensi mbili. Neno lake lina uzito ambao lako bado halina. Hakikisha pia jina lililo kwenye akaunti yako ndilo wanalokuitia kundini.

Kisha pitia mazungumzo ya wiki kadhaa nyuma. Utajua nani hujibu maswali ya wageni, mada gani huwasha moto, na saa ngapi watu huwa wamekaa.

Ndipo uandike. Wengi hujaza utambulisho vyeo na shukrani ndefu. Mwanakundi anataka kujua jambo moja: utafanya nini na maneno yake? Mimi sasa ningeandika hivi:

"Habari za jioni, mafundi wenzangu. Mimi ni yule wa gauni za shule, nipo humu mwaka wa tatu. Maadmini wameniomba niwasaidie. Kanuni ni zilezile. Nitaondoa matangazo yasiyohusu ushonaji, ila kabla sijafuta kitu chako nitakufuata inboksi kwanza. Utapeli na picha za watu zilizowekwa bila ridhaa yao nitaviondoa papo hapo. Nikikukosea, mwambie admini mwenzangu, naye ataamua bila mimi. Napatikana jioni, mchana nipo kwenye cherehani."

Hiyo sentensi ya kumwambia admini mwingine usiiache. Mtu akijua pa kulalamikia, hana haja ya kuja kukufokea mbele ya wote. Kama uko peke yako, taja mwanakundi anayeheshimika atakayesikiliza, lakini umwombe kwanza.

Kanuni mpya zisije siku hiyo hata kama unazo tatu nzuri. Watu watadhani umeletwa kuwabana.

Tuma saa ambayo kundi liko macho, nawe ukae hapo angalau saa moja ukijibu. Salamu ikipita bila mwenyewe kuonekana, haijawa salamu. Kwenye kundi letu niliongeza ujumbe wa sauti wenye maneno yaleyale, kwa sababu wapo wasiopenda kusoma maandishi marefu, na sauti hujulisha mtu upesi. Halafu bandika ujumbe juu. WhatsApp hukupa saa 24, siku 7 au siku 30. Mimi naona 7 zinatosha. Telegram kila admini anaweza kupewa madaraka yake tofauti, kwa hiyo huko sema wazi kama unaweza kufuta tu au hata kumtoa mtu, wasije wakakuomba usichoweza.

Yule fundi mkongwe sikumwandikia, nilimpigia simu. Nikamwambia, "Shikamoo mzee wangu, nimekukosea." Akaitika marahaba, akanyamaza kidogo, kisha akasema tangazo lenyewe lilikuwa la mwanawe na angeliondoa mwenyewe kama ningemwambia. Sentensi ya inboksi imetoka kwake. Jioni hiyohiyo nikaandika utambulisho, na wa kwanza kuujibu alikuwa yeye: "Karibu, binti."