SOMO: Majiko madogo ya titani ya mlimani, namna ya kuyatumia yasikupindie mikono

Wakuu, haya majiko madogo ya kufunga juu ya kopo la gesi yameshazoeleka kwa wapanda milima. BRS-3000T ina gramu 25 tu, Snow Peak LiteMax 56, MSR PocketRocket 2, ambayo si ya titani, ina 73. Swali linalorudi kila mara ni kama titani inadumu. Titani yenyewe haina shida: haishiki kutu, na kuyeyuka kwake ni nyuzi 1,668. Kinachokufa ni ile mikono mitatu myembamba inayobeba sufuria. Ikishakuwa nyekundu kwa moto hulegea, na hapo uzito wa sufuria ndio unaamua.

Hatua ya 1. Kabla ya safari, fungua mikono yote, weka jiko usawa wa macho. Ncha zote tatu ziwe kimo kimoja. Chungulia na oringi, ule mpira wa duara unaozuia gesi kuvuja, pale linapofungwa kwenye kopo. Ikiwa imepasuka au imekauka, badilisha.

Hatua ya 2. Funga kwa vidole tu, usitumie koleo. Paka maji ya sabuni kwenye maungio, fungua koki kidogo sana. Povu likitokea pale kwenye maungio, funga, usiwashe.

Hatua ya 3. Weka sufuria ndogo, maji yasizidi lita moja, moto wa nusu. Wengi wanafungua koki hadi mwisho wakidhani wanaokoa muda. Moto unapanda pembeni mwa sufuria, mikono inaiva, gesi inapotea bure. Jiko likishapoa, rudia ukaguzi wa hatua ya 1. Mkono mmoja ukiwa umeshuka, usiunyooshe ukaendelea kama kawaida. Ukipinda mara moja utapinda tena, tena na maji ya moto juu yake.

Hatua ya 4: upepo. Hapa ndipo hesabu ya uzito inapogeuka. Kwenye utulivu, lita moja ya maji hula kama gramu 10 hadi 15 za gesi. Ukichagua jiko la gramu 25 badala ya la 73 umeokoa gramu 48. Upepo ukikufanya utumie gesi mara mbili, kufikia lita ya nne au ya tano akiba yote imekwisha. Kwa hiyo tafuta jiwe au ukuta wa kibanda. Kikinga upepo kiwe upande mmoja tu. Ukizungushia kopo lote linapata joto na linaweza kulipuka. Kopo likiwa kazini huwa la baridi. Ukiligusa ukahisi uvuguvugu, zima.

Na jamani, si ndani ya hema lililofungwa. Kaboni monoksidi, gesi ya sumu inayotokana na moto, haina harufu.

MASWALI

*Mkuu, langu limegeuka bluu na zambarau baada ya kuwasha mara moja. Ni feki?*
Hapana. Ni tabaka la oksidi linalojitengeneza titani ikipata joto. Wengine tunalipenda hivyo.

*Naweza kusonga ugali?*
Ndugu yangu, usithubutu. Kusonga ni kugandamiza kwa mwiko, na mikono ile inabeba maji tu. Halafu moto wake umekaa katikati kama mwanga wa tochi: utapata ukoko wa duara, na pembeni unga mbichi. Chai, uji mwepesi, tambi za haraka, basi.

*Shipton's Camp, kambi ya Mlima Kenya, alfajiri liligoma kabisa. Jiko limekufa?*
Uwezekano mkubwa ni gesi. Butani ya kawaida inaacha kugeuka mvuke karibu na nyuzi sifuri, isobutani hufika kama -12, propani -42. Tafuta kopo lenye mchanganyiko wa isobutani na propani, ulale nalo ndani ya begi la kulalia. Na kwa kuwa pale ni kama mita 4,200, maji yanachemka kwenye nyuzi 86 hivi. Maharage yaache nyumbani.

*Kopo likiisha naweza kulijaza kutoka mtungi wa kilo 6 wa jikoni?*
Usifanye. Makopo haya yametengenezwa yajazwe mara moja, na gesi ya nyumbani inaweza kuwa na propani nyingi kuliko kopo linavyohimili.

*Kwenye ndege je?*
Kopo la gesi haliruhusiwi, iwe mkononi au kwenye mzigo. Jiko lisafishe lisinuke gesi, na uliza shirika lako mapema, maana mengine hukataa hata jiko lililowahi kutumika.