Jinsi ya kuijua treni ya mizigo na ya abiria kabla hujakanyaga reli

Jamani wa Pongwe, Muheza, Korogwe na wote mnaovuka reli kila siku mkienda shamba au sokoni, hii nawaandikia nyie. Nimekulia pembeni ya reli, baba mkubwa alikuwa fundi wa mabehewa, na alitukataza kitu kimoja kuliko vyote, kupita chini ya treni ya mizigo iliyosimama. Nimeona watu wazima bado wanapita, tena na mtoto mgongoni, ndo maana nimeona nieleze vizuri.

Anza na kuitambua. Mchana ni rahisi, angalia nyuma ya kichwa, ukiona madirisha ni abiria, ukiona matenki, makontena au mabehewa ya saruji ni mizigo. Kazi iko usiku. Treni ya abiria ina taa madirishani, unaiona yote mpaka mwisho wake, ila ya mizigo ina taa kubwa ya mbele alafu nyuma giza tupu, kwaiyo kichwa kikishapita mtu wa bodaboda anadhani njia nyeupe anatia gia, kumbe mabehewa bado yanakuja na hayana hata taa moja ubavuni. Usiku usivuke kwa kuangalia taa, zima injini, sikiliza mpaka mlio wa magurudumu uishe kabisa, alafu hakikisha unaona upande wa pili.

Sasa kwanini ile iliyosimama ni hatari. Mabehewa yanashikana kwa kapla, zile ngumi za chuma, na kwenye treni ya mizigo kapla zina nafasi ya kuchezea. Kila behewa linaweza kusogea kidogo kabla halijavuta mwenzake. Hiyo nafasi ina faida yake, maana kichwa kinapoanza kuvuta hakiamshi mzigo wote kwa mpigo, kinaamsha behewa la kwanza, la pili, la tatu, ndo ule mlio wa ko ko ko ko unaoukimbia urefu wa treni nzima. Treni ikiwa na mabehewa 30, wewe uko chini ya la 25, kichwa kiko mbali hukisikii hata kikinguruma, unachokisikia ni ko ko ko, na ikifika kwako behewa linaruka kwa mshtuko mmoja. Huna muda wa kutoka hapo. Na dereva hakuoni, hata angekuwa na macho ya mwewe. Treni ya abiria kapla zake zimebana zaidi, maana zikicheza hivo chai ya abiria ingemwagika kila stesheni, ila hata hiyo usipite chini yake.

Breki nayo ina mambo yake. Zote mbili zinatumia breki ya upepo, kuna bomba linapita treni nzima limejaa upepo, dereva akitaka kusimama anaupunguza na breki zinakamata. Sasa upepo kupungua mpaka behewa la mwisho kunachukua muda, treni ikiwa ndefu mabehewa ya mbele yanakamata wakati ya nyuma bado yanasukuma. Alafu uzito. Behewa tupu la tani 15 likishiba linaweza kufika tani 50 na kitu, kwaiyo mengine yana mkono wa kubadilisha nguvu ya breki, tupu au lenye mzigo, fundi akisahau kuubadilisha behewa lililojaa linashikwa na breki ya behewa tupu. Jumlisha yote hayo, treni nzito yenye mwendo inaweza kula kilomita nzima au zaidi ndo isimame. Akikupigia honi ujue hana namna nyingine, wewe ndo wa kutoka.

Springi sitazieleza sana. Za abiria ni laini kwasababu uzito wa watu haubadiliki sana, za mizigo ngumu kwasababu lazima zibebe behewa tupu na lililojaa bila kapla kushuka ikapishana na ya mwenzake. Ndo maana mabehewa matupu yanapiga kelele na kurukaruka kuliko yaliyoshiba, ukizoea unayajua kwa sikio tu.

Kingine, usitegemee ratiba. Reli yetu hii, ambayo Wajerumani walianza kuijenga hapa Tanga 1893 ikafika Moshi 1911, ina njia moja yenye upana wa mita moja, treni zinapishana stesheni tu. Ya abiria ina saa zake na inapewa nafasi kwanza, kama ile ya Dar kwenda Moshi iliyorudi 2019, inapita Korogwe. Ya mizigo inakaa njia ya pembeni kusubiri, inaondoka mzigo ukiwa tayari na njia ikiwa wazi, inaweza kuwa saa nane mchana leo na saa tisa usiku kesho. Mtu akikwambia saa hizi hakuna treni, usimsikilize.

Na bajaji ikizima katikati ya reli? Shusha watu wote hapohapo, acha mizigo, acha simu. Ukiona treni inakuja, toka relini alafu kimbia mshazari kuelekea upande treni inakotokea, usikimbie inakokwenda. Najua inaonekana kinyume, ila treni ikiigonga bajaji vyuma vinarushwa mbele, kule kule inakoelekea, na aliyekimbilia huko vinamkuta.